Chokaa ya Skuli Yetu

Mezani kwangu, kando ya kikombe cha chai, pana kipande cha plasta ya simiti ukubwa wa kiganja. Upande wa mbele kimepakwa rangi ya mafuta, samawati. Upande wa nyuma kimeota unga mweupe mwepesi unaometameta ukikielekeza dirishani. Siku nilipokiokota niliugusa kwa ncha ya ulimi: chumvi tupu. Nimekiweka pale nikione kila asubuhi kabla sijatoka kwenda kazini bandarini, kwa sababu pesa za plasta ile nilizikusanya mimi, nikazihesabu mimi, na fundi nikamlipa mimi kwa mkono wangu.

Kimetoka kwenye ukuta wa skuli niliyosomea (sisi watu wa Mombasa skuli twaita skuli, niacheni niandike ninavyosema). Iko ng'ambo ya Likoni, ukishapita Mtongwe ukaiacha lami. Jina silitaji, maana makaratasi yake yangali yazunguka maofisini. Ni jengo moja refu la vyumba vitatu, la mawe ya matumbawe na chokaa. Unene wa ukuta ni kutoka kiwiko changu hadi ncha ya kidole cha kati, na zaidi kidogo. Madirisha yanatazamana: ya upande huu yapokea kusi, ya upande ule yapokea kaskazi, kwa hivyo hakuna mwezi ambao upepo wakosa pa kupitia. Nimekaa katika maofisi yenye feni na mashine za baridi, lakini sijaona mahali pa kutulia saa nane ya mchana kama darasa la kwanza la skuli ile.

Wazee wasema ilijengwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na walioijenga ni watu wa kijiji wenyewe. Wanaume walichimba mawe, wanawake wakabeba maji na mchanga kichwani, na chokaa ikachomwa papo hapo: matumbawe yalipangwa juu ya magogo ya minazi na kuni za mikoko, yakatiwa moto mpaka yakaiva, kisha yakamwagiwa maji yakapasuka yakawa unga. Nyuma ya mwembe mkubwa pangali na shimo la duara, na ukichokora kwa kijiti wapata vipande vyeupe. Simiti ya hapa kwetu haikuwako bado; kiwanda cha Bamburi kilianza kuitoa 1954. Na simiti yenyewe nayo yatokana na matumbawe hayo hayo ya pwani yetu, ila huchanganywa na udongo na kutiwa moto mkali zaidi. Hilo sikulijua mwaka tulioipaka. Niliona simiti ni kitu cha kisasa na chokaa ni umaskini wa babu zetu.

Mamangu alifundisha darasa la kwanza pale kwa miaka 21. Mtoto hakuandikishwa kwa cheti cha kuzaliwa, wengi hawakuwa nacho. Alipimwa: mkono wa kulia upite juu ya kichwa, vidole viguse sikio la kushoto. Mimi nilipungukiwa na upana wa kidole. Mamangu akanirudisha nyumbani, mimi binti yake wa kumzaa, nikangoja mwaka mzima, nikaingia 1984. Pa kupimiwa palikuwa ni mwimo wa mlango wa kati, mbao ya mbambakofi, na kwa kuwa kila mtoto aliegemezwa hapo hapo, mbao imelainika na kubonyea kidogo, kimo cha mgongo wa mtoto wa miaka sita. Mbambakofi si mti wa kubonyea. Ukipitisha kiganja juu kwenda chini wakuta mikwaruzo ya randa, halafu ghafla wateleza kama umegusa kigae, halafu mikwaruzo yarudi. Mahali pale pana mgongo wangu, na wa kakangu, na wa wote niliocheza nao.

Barazani ndipo tulipokunywa maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali, zile pakiti za pembe tatu, tukikata ncha kwa meno. Ubao haukuwa wa mbao. Ulikuwa ni sehemu ya ukuta iliyopakwa masizi na makaa ya betri kuukuu yaliyotwangwa, na kila mwanzo wa muhula wanafunzi wakubwa waliupaka upya na mikono yao ikabaki mieusi mpaka Ijumaa.

Mambo yaligeuka 2003. Serikali ilipoondoa karo ya msingi, nchi nzima waliongezeka watoto zaidi ya milioni moja, na kijijini kwetu walikuja mpaka vijana waliokwisha kuota ndevu. Vyumba vitatu vingefanya nini? Pesa za CDF, mfuko wa maendeleo ya eneo bunge, zikaja, madarasa ya bloku na simiti yakapanda upande wa pili wa uwanja, na hilo lilikuwa jambo jema, silisemi kwa ubaya. Lakini skuli ya chokaa ikafanywa stoo. Wakaitia madawati yaliyovunjika, mabati yaliyobaki, mifuko ya mahindi. Jengo lisilokaliwa halina wa kuona bati lililotoboka. Popo waliingia mwaka wa kwanza. Mchwa sijui waliingia lini.

Sisi wanafunzi wa zamani tulipojikusanya 2010 tulikuwa na nia safi. Tulichanga shilingi 186,000, nami nikawekwa mweka hazina. Tukasema kuta zimechakaa, chokaa yatoka ukiiegemea, nguo yabaki nyeupe. Tukaleta fundi wa mjini, akaparuza chokaa yote ya nje na ya ndani, akapiga plasta ya simiti safi, akaipaka rangi ya mafuta. Tulipiga picha. Tulikula pilau chini ya mwembe. Mamangu, aliyekuwa ameshastaafu, alikuja akapapasa ule ukuta mpya, akasema, "Umekuwa baridi kama kaburi." Nilidhani ni uzee.

Baada ya miaka miwili palitokea mstari wa unyevu kimo cha goti, vyumba vyote vitatu, mstari ulionyooka kana kwamba umechorwa. Rangi ikafanya malengelenge. Tukaparuza, tukapaka tena. Mstari ukapanda mpaka kiunoni. Ukibisha ukuta kwa kifundo cha kidole, mahali pengine ulijibu kama jiwe na mahali pengine ulilia kama mtungi mtupu. Hatukuuliza kwa nini. Kila mtu alikuwa na shughuli zake.

Mvua za Novemba 2023 wazikumbuka. Zilianguka siku baada ya siku, mitaa ya Mombasa ikawa mito, na huko kijijini pembe ya mashariki ya skuli ikashuka usiku mmoja. Alhamdulillahi hapakuwa na mtu. Asubuhi nilipoona picha kwenye simu nilikaa chini sakafuni jikoni. Pembe ile haikuanguka kwa mpasuko, ilikuwa imeyeyuka. Mawe yaliyobaki nyuma ya plasta yalikuwa yakibomoka kwa vidole kama sukari guru iliyoachwa nje.

Ofisa wa ofisi moja alikuja akasimama uwanjani dakika zisizozidi kumi, hakuugusa ukuta, akaandika kwamba jengo ni hatari na libomolewe. Sikatai kwamba lilikuwa hatari. Lililoniuma ni upesi wake. Daktari hukushika japo mkono kabla ya kukuandikia dawa.

Tukaitana kikao, chini ya mwembe ule ule. Mwalimu mkuu alikuwapo, chifu, wazazi, na sisi wa mjini watano tuliovuka feri asubuhi. Nilikuja na maneno mengi ya historia. Kabla sijafika nusu, mama mmoja, mwanawe yuko darasa la saba, ambalo kwa mfumo mpya ni sekondari ya chini, akasimama na mtoto mgongoni, akasema: "Dada, sikiliza. Wanetu wa sekondari ya chini waliletwa hapa tangu Januari, na madarasa hayakuletwa nao. Mwanangu asoma chini ya mti huu tuliokaa sisi. Nyinyi mwatoka mjini kuja kutuhifadhia mawe. Kiwanja hicho mkikisafisha twapata madarasa mawili." Watu wakapiga makofi.

Alisema kweli. Mpaka leo nikiandika hapa nakiri kwamba alisema kweli, na nilirudi mjini na maneno yake. Ikiwa jengo la zamani litakaa tu litazamwe, wakati watoto wajifunza hesabu wakiwa wamenyeshewa, basi nami nilikuwa tayari kupiga kura libomolewe.

Aliyenigeuza si mtu wa historia. Ni mzee mmoja wa pale pale, hakusimama hata, alizungumza akiwa amekaa kwenye mkeka. Akasema kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, hazikubaki kwa sababu ya ofisi. Kaya Kinondo na wenzake waliingizwa kwenye orodha ya UNESCO 2008, lakini zilikuwa zimeshalindwa na wazee karne nyingi, kwa miiko, kwa kuwa zilikuwa na kazi kwa wale waliozilinda. Kisha akauliza, "Skuli hii ina hati ya ardhi?" Mwalimu mkuu akanyamaza. Haina. Tangu barabara ya Dongo Kundu ipite, bei ya shamba huku imekuwa si ya kuulizwa, na kila mwezi waja watu na magari makubwa wakipima kwa macho. "Madarasa yale ya bloku ni ya juzi," mzee akasema. "Mtu aweza kusema yamejengwa kwenye shamba lake. Lakini hili jengo babangu alilibebea mawe. Mkilibomoa, mwamuua shahidi wenu."

Kikao kilitoa miezi sita. Ikiwa ndani ya miezi sita jengo litaweza kukaliwa na wanafunzi kwa usalama, libaki. La sivyo, trekta.

Nilianza na maofisi. Nitapita haraka hapa kwa sababu hapana la kusimulia ila ngazi na viti. Katiba ya 2010 imeipa kaunti watoto wa chekechea, na skuli za msingi zimebaki kwa serikali kuu. Jengo letu limesomesha wote, kwa hivyo kila mlango ulinielekeza mlango mwingine. Kuna Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, ambayo kwayo jengo laweza kutangazwa katika gazeti rasmi na likalindwa. Maombi tumepeleka. Lakini hiyo ni njia ndefu, na mvua za masika zilikuwa zaja. Ukiwa na nyumba Mji wa Kale, kabla hujabomoa ukuta wahitaji kibali. Ukiwa na skuli nyuma ya Mtongwe, wahitaji trekta tu.

Kisha nikampata Mzee. Ni mwashi wa Mji wa Kale, ameshika mwiko tangu ujana wake, na babake kabla yake. Nilimfuata kwenye kazi, nikamwamkia, nikamwonyesha picha kwenye simu. Hakuitazama simu. Alisema, "Mwanangu, nipeleke." Tukavuka na feri Jumamosi. Alipofika hakuuliza historia wala mwaka. Alivua viatu, akaingia chumba cha kwanza, akaweka shavu lake ukutani. Kisha akachukua nyundo ndogo akabandua kipande cha plasta, hiki hiki kilichoko mezani kwangu, akakigeuza, akanionyesha ule unga.

"Jiwe hili lanywa maji kutoka chini," akasema. "Siku zote lilikuwa lanywa. Na maji haya yana chumvi, bahari si mbali. Zamani yalikuwa yapanda kidogo, yatokea kwenye chokaa, yakauka, yaenda zake. Chumvi yabaki kwenye chokaa, chokaa yamong'onyoka, mwapaka nyingine. Chokaa ndiyo yafa, jiwe labaki. Nyinyi mmeleta simiti mkaziba. Maji hayana pa kutokea. Yamepanda mpaka yalipopata pa kwenda, na chumvi imekaa ndani ya jiwe, yalipasua."

Nikamuuliza, kwa hivyo ile chokaa iliyokuwa ikitupaka nguo nyeupe?

"Ilikuwa yafanya kazi yake."

Sikuweza kumwambia kwamba mweka hazina ni mimi. Nilimwambia tukiwa kwenye feri kurudi. Alitazama maji kwa muda, akasema wengi wamefanya hivyo, hata misikiti imefanyiwa hivyo, nisijitie huzuni ambayo haitapiga plasta.

Wiki iliyofuata alinipeleka Fort Jesus, si kwa matembezi. Wareno walianza kuijenga 1593 kwa matumbawe na chokaa, na upande wa baharini hupigwa na chumvi mchana na usiku. Mimi nimezaliwa Mombasa na ngome ile nimeiona mara ngapi, lakini sijawahi kuigusa kama nilivyoigusa siku ile: hapa chokaa kuukuu, hapa ya juzi, hapa mtu wa zamani alijaribu simiti na jiwe la pembeni limelika. Nilikwenda pia Rabai peke yangu, kwenye lile kanisa dogo la 1846 la wakati wa mmisionari Krapf ambalo sasa ni makumbusho. Nilitaka kuona jengo la shamba, la watu wachache, lisilo ngome, ambalo limebaki. Nilikaa kwenye kivuli chake nusu saa. Ni dogo kuliko nilivyodhani.

Tulianza na bati, kwa sababu Mzee alikataa kugusa ukuta wenye paa linalovuja. Boriti zilikuwa 11 kwa kila chumba, mikoko iliyokomaa, na tulipozigonga tatu za chumba cha mashariki zilikuwa maganda matupu, mchwa wamekula moyo. Mzee alitaka mikoko tena. Hapo ndipo tulipobishana kweli. Serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, na hata bila ya marufuku, mimi nimekua nikiona mikoko ya Mwache ilivyokufa baada ya mvua za El Niño za 1997, matope yalipoifunika mizizi. Sikutaka skuli isimame kwa kuangusha miti ile. Tukakubaliana mivinje, ya shamba la mtu, iliyonyooka, tukaipaka mafuta machafu ya gari kwenye ncha zinazoingia ukutani. Mzee alisema mvinje hautafika umri wa mkoko. Huenda. Watakaokuja watabadilisha, kama sisi tulivyobadilisha.

Kisha plasta ya simiti ikatoka. Hiyo ilikuwa kazi ya nyundo na tindo, polepole, maana ukiipiga kwa hasira hutoka na jiwe. Vijana sita wa kijijini, wiki tatu. Mahali pengine ilianguka yenyewe vipande vikubwa kama milango, na nyuma yake ukuta ulikuwa majimaji. Tuliacha kuta zikae uchi, tukaziswaki kwa fagio kavu kila Jumamosi, na kila Jumamosi chumvi mpya ilikuwa imetoka. Tuliifagia kwenye karai. Karai la kwanza lilijaa.

Chokaa tulinunua ya mfuko. Kuchoma matumbawe leo hakufai, bahari yetu imeshachokozwa vya kutosha. Lakini Mzee hakukubali itumike ikiwa unga. Tulichimba shimo, tukalitandika turubai, tukailoweka, maji yakae juu yake vidole vinne siku zote, kwa wiki sita. Mikokoteni miwili ndiyo iliyovusha mifuko kwenye feri. Chokaa iliyokaa wiki sita haifanani na unga wa dukani. Ni kama siagi. Mwiko ukiuchomeka wasimama, ukiutoa watoka safi kabisa, na ukiminya donge kiganjani labaki na alama za vidole, hata mistari midogo ya ngozi. Mchanga ulikuwa wa bara, tukauosha, kwa sababu mchanga wa pwani ungeturudishia chumvi ile ile tuliyoifagia. Chokaa karai moja, mchanga makarai matatu, na mkono wa kukanda usichoke.

Chokaa haikauki kama simiti. Simiti yashika kwa maji. Chokaa huvuta hewa ukaa taratibu na kurudi kuwa jiwe, na ikikaushwa haraka na jua hufa kabla haijarudi. Ukuta hulowanishwa kwanza, chokaa hurushwa si kupakwa, halafu magunia mabichi hutundikwa juu yake na kunyunyizwa maji asubuhi, adhuhuri na jioni. Hilo la adhuhuri ndilo lililotuangusha. Chumba cha kwanza tulikipiga mwishoni mwa kaskazi, Februari 2024, upepo mkavu, na Jumapili moja hapakuwa na wa kunyunyiza. Nilipofika Jumamosi iliyofuata ukuta mzima wa ubao ulikuwa umepasuka kama matope ya chumvini. Kazi ya siku nne. Mzee aliugusa kwa ukucha, ukucha ukazama, akasema tu, "Bandua." Tukabandua.

Baada ya hapo yule mama wa kwenye kikao alikuja mwenyewe. Hakusema amebadili nia. Alisema nyumba yake iko karibu kuliko yetu sote, kisima kiko kwake, na kuwa magunia yatanyunyizwa. Yamenyunyizwa mara tatu kila siku tangu siku ile, na zamu ziligawanywa na yeye. Ukuta wa pili ulishika bila ufa hata mmoja. Nikiulizwa ni nani aliyeiokoa skuli ile, nitamtaja yeye kabla ya mtu yeyote aliyevuka feri.

Miezi sita ilipotimia vyumba viwili vilikuwa vyakalika. Chifu alikuja, mwalimu mkuu akabisha kuta kwa kifundo cha kidole kila hatua, akatoka kwenda kuleta madawati. Darasa la nane, wale waliokuwa la saba mwaka uliopita, ndilo lililoingia. Mwanawe yule mama akakaa safu ya pili, karibu na dirisha la kusi.

Mamangu nilimpeleka Julai. Macho yake hayaoni sawasawa sasa, aona mwanga na vivuli. Tulimshika mkono kwenye ngazi za baraza. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa kati, akautafuta mwimo, akapitisha kiganja mpaka kikafika pale panapoteleza, akakiacha hapo. Kisha akagusa ukuta wa pembeni, chokaa mpya, akavisuguasugua vidole vyake, akavinusa. Vilikuwa vyeupe. Watoto waliokuwa wakisoma walinyamaza wakamtazama. Akawauliza, "Nani hapa hajafika sikio?" Wakacheka, na mmoja baada ya mwingine, wakubwa wa miaka kumi na mitatu, wakapitisha mikono yao juu ya kichwa.

Chumba cha tatu, cha pembe iliyoanguka, ndicho kilichobaki. Mawe yameshapangwa upya hadi kimo cha dirisha, kwa chokaa, bila mfuko hata mmoja wa simiti. Shimo limejaa na limetimiza wiki ya tano. Pesa zimebaki za mchanga na za mafundi wawili, si za mabati, na hilo twalishughulikia. Mzee asema tumalize kurusha kabla kaskazi haijashika, tusirudie makosa ya Februari.

Kwa hivyo Jumamosi ijayo twavuka na feri ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Atakayekuja aje na gunia kuukuu la katani, si la plastiki, na nguo ambazo hazitamsikitisha zikibaki nyeupe. Chai na mahamri viko kwa yule mama.